Anayepepea Mayai

11 Februari

Baba Kibonge,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Barua yako ya mwisho iko juu ya jokofu tangu mwaka jana, na kila nikishika kalamu niijibu, ama mtoto analia, ama ndoo imemwagika, ama nimesinzia mwenyewe nikajichora wino shavuni. Mwanao ameota meno ya juu na anang'ata kila kitu isipokuwa chakula. Homa ilimshika, ikamwachia. Hizo ndizo salamu.

Wala usiniulize kwa nini sipigi simu. Kwenye simu unanikata kauli. Unasema "sawa, sawa, mama, nimekuelewa," halafu unaanza kunisimulia habari za jokofu la mtu. Karatasi haikatizwi. Utaisoma mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni samaki. Wale klauni wako wawili, wa rangi ya chungwa na mikanda myeupe, ulioniachia ukasema "wewe wape chakula tu, wasife," hawajafa. Wanataga. Nimelaza chungu cha maua ndani ya tangi, wakakipenda, wakakifanya nyumba. Hii ni mara ya nne wanataga. Mara zote za nyuma vifaranga walitoka wakafa, wote, kwa sababu kifaranga wa hawa samaki ni mwembamba kuliko kope, na ule unga wa dukani kwake ni kama kumpa Kibonge gunia la mahindi atafune. Anataka vidudu hai, wadogo hata macho yanawapata kwa shida. Na hao vidudu nao wanataka kula, wanakula maji ya kijani, yaani yenye mwani. Kwa hiyo nyumba yako sasa imejaa ndoo: za maji ya kijani ziko dirishani, za vidudu ziko chini ya meza, na moja ni ya nepi. Usiulize mara ngapi nimekaribia kukosea.

Lakini safari hii niko tayari. Vidudu wamejaa, maji ya kijani yamekolea, tangi dogo nimelizungushia kitambaa cheusi ili vifaranga wasichanganywe na mwanga. Safari hii nitawafikisha.

Sasa dada yako ameleta maneno kwamba anataka samaki mmoja wa tangi la saluni yake, wateja wapate cha kutazama nywele zikikauka. Mwambie hapana. Mimi nikimwambia anacheka. Hawa ni mke na mume, hawagawanywi kama jozi ya viatu. Na kuliko yote, mama wa mayai asiguswe. Mama akiondoka, mayai hakuna tena, na mwaka wangu mzima umekwenda na maji. Mwambie hivyo hivyo nilivyoandika.

Humu ndani kila kitu nilikikuta au nililetewa. Hiki ndicho nilichokianzisha mimi. Nakiomba kwako mara moja tu.

Mkeo,
Mama Kibonge


22 Februari

Mama Kibonge wangu,

Dereva wa lori amenifikishia barua yako ikiwa imekunjwa kama karatasi ya karanga, lakini nimeisoma, tena mara mbili, ya pili kwa sauti. Wenzangu hapa kambini wamecheka ile ndoo ya nepi mpaka mmoja akamwaga chai. Hongera, mke wangu. Mimi niliwafuga miezi sita hawakutaga hata yai la kuonja.

Sasa kuhusu dada. Unamjua. Ukimwambia "hapana," yeye anasikia "bado." Na huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa, siwezi kumfungia mlango kwa ajili ya samaki. Lakini usijali, nimekaa nikafikiri, nimepata njia ya kati. Nimemwambia hivi: mke wangu amekataza kabisa mama wa mayai asiguswe, na akikataza amekataza. Yule unayemwona amekaa na mayai, anayapepea kwa mapezi, huyo mwache alipo. Chukua dume, lile kubwa.

Dume la nini tena, hebu niambie? Kazi yake imekwisha. Mayai yapo, mama yupo, watoto watalelewa. Wewe umebaki na mama wa mayai kama ulivyotaka, dada amepata samaki wake, na mimi nimepata usingizi. Unaona mumeo anavyojua kuamua?

Huku kazi ni nyingi, majokofu ya bohari yanakufa kama nzi. Mbusu Kibonge hapo kwenye meno.

Mumeo,
Fundi Barafu


28 Februari

Wifi yangu Bibi Ndoo,

Nilifika kwako nikakuta mlango umefungwa. Jirani yako akanifungulia, akasema umempeleka Kibonge kliniki. Nikangoja, nikangoja, nikanywa maji yako yote ya jokofuni, lakini basi halimngoji mtu hata akiwa na saluni. Basi nikamchukua samaki wangu nikaondoka. Mdogo wangu ameshakueleza, kwa hiyo halikuwa jambo la ghafla.

Na uondoe wasiwasi kabisa, mama sikumgusa! Nilimkuta maskini wa Mungu amekaa kwenye chungu chake, anapepea mayai, hainui kichwa wala hatazami chakula. Nikasema hata majini sisi wanawake ndio tumeumbiwa kazi. Na bwana mkubwa yeye anazurura huku na huku, kifua mbele, anajionyesha. Nikamwambia, wewe ndiye wangu, utakuja kuzurura mbele ya wateja. Alinisumbua! Nimezamisha mikono mpaka viwiko, akaning'ata mara mbili. Dume haswa. Nilipomtia kwenye ndoo yangu ya kifuniko akaendelea kugonga pembeni mpaka nikaona haya mbele ya abiria.

Sasa yuko saluni, nimemwekea maua ya plastiki na kijumba chenye madirisha. Tumempa jina Bwana Harusi. Kuna mteja amekuja jana kusuka, nywele zimekwisha, akakataa kuinuka.

Nimekuachia mezani chupa ya mafuta ya nywele. Nilikuona siku ile ya arusi ya binamu, wifi, kichwa chako kinatia huruma.

Ni mimi wifi yako mpenzi,
Mama Saluni


3 Machi

Wifi,

Sikusalimii. Nikikusalimia nitakuwa mnafiki.

Uliyemchukua ndiye mama.

Soma tena hapo juu, polepole. Kwa samaki hawa mkubwa ni jike, mdogo ni dume. Jike akishataga, anayekaa na mayai ni baba. Anayapepea yapate hewa, anayasafisha kwa mdomo moja moja, yaliyooza anayala yasiharibu mengine. Huyo uliyemwonea huruma, maskini wa Mungu, ni mwanamume. Na yule uliyesema anazurura, alikuwa zamu, analinda chungu. Ndiyo maana alikung'ata. Ungeingiza mikono kwenye kitanda cha Kibonge na mimi ningekung'ata.

Uliona mtu ameinama anafanya kazi, ukasema huyu ni mwanamke. Ukaona mwingine kanyanyua kifua, ukasema huyu bwana. Hukuuliza. Jirani alikuwepo, simu yangu unayo, mwenyewe nilikuwa kliniki si mwezini. Na mdogo wako naye hakuuliza, alikaa kambini akanigawia nyumba yangu kwa akili zake. Nyinyi wawili mmenilinda sana. Mmemlinda mama wa mayai kwa kumchukua mama wa mayai.

Tena mikono yako. Ulikuwa umetoka kusuka watu, umejaa mafuta ya nywele mpaka kwenye kucha, ukaizamisha kwenye tangi. Niliporudi maji yana utando juu, unang'aa rangi zote kama dimbwi la gereji. Samaki wanavuta hewa, wifi, na hewa inapita hapo juu. Nimeutoa ule utando kwa kulaza karatasi juu ya maji, karatasi baada ya karatasi, mtoto mgongoni ana uchungu wa sindano analia, na mimi nalia. Baba wa mayai hakutoka chunguni. Maji yananuka saluni, na yeye anapepea.

Mayai yameshatoa macho, yanameta kama fedha. Yako karibu kuanguliwa. Huyo mama mrudishe, mpe mtu wa basi kwenye ndoo yenye kifuniko nusu wazi, mimi nitampokea stendi. Wewe ni mkubwa wangu, umemlea mume wangu na nakuheshimu kwa hilo. Lakini anayeingia nyumba ya mtu akachukua kisichokuwa chake ana jina lake, na sijapata jina jingine.

Chupa yako ya mafuta nimempa jirani.

Mama Kibonge


13 Machi

Wifi,

Barua yako nilianza kuwasomea wateja nikidhani ni ya kuchekesha. Nimeishia katikati, nikaikunja, nikasema mtoto anaumwa. Nimekufichia aibu hapo, ujue.

Mimi mwizi? Mimi? Samaki alinunua mdogo wangu. Tangi alinunua mdogo wangu. Wewe umeongeza ndoo. Nilikuja kwa ruhusa ya mwenye nyumba, nikachukua nilichoambiwa nichukue, nikaacha nilichoambiwa niache, tena nikakuachia na zawadi, leo naitwa majina kwa karatasi yenye madoa ya uji.

Eti baba ndiye anakaa na mayai, na mama ndiye anazunguka kifua mbele! Wifi, umechoka. Nakuelewa. Mtoto mchanga bila mume ndani anaweza kumfanya mtu aone dunia chini juu. Lakini usitugeuzie na samaki. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nywele ndiyo kazi yangu, natambua kichwa kilichochoka nikikiona.

Bwana Harusi hamrudishi mtu. Anakula, amenenepa, watoto wa wateja wanampungia mkono. Wewe kaa na hamsini zako na mama wa mayai wako.

Mbusu Kibonge. Yeye hana kosa.

Mama Saluni


9 Aprili

Baba Kibonge,

Nimekuandikia mara mbili baada ya ile ya dada yako na hujajibu hata nukta. Au majokofu yamekula kalamu?

Wamefika. Vifaranga wamefika. Nilihamisha chungu kwenye tangi dogo giza lilipokaribia, nikaweka mapovu ya hewa ya chini kwa chini, yayapepee mayai mahali pa baba yao, na asubuhi nikakuta wamejaa kama vumbi kwenye mwanga wa mlango. Mamia. Nikawapa vidudu. Wengi walikufa, sikufichi; kila siku nilikuwa nawanyonya maiti chini ya tangi kwa lile bomba la dawa ya Kibonge, na kila siku nalichemsha kabla sijampa mtoto dawa. Halafu asubuhi moja nikamwona mmoja ana mkanda. Mkanda mmoja mweupe nyuma ya kichwa, kama mtu amemchora kwa chokaa. Nilipiga kelele mpaka Kibonge akaangusha kikombe. Wamebaki tisa, wote wana mikanda, na wananijua: nikija wanasogea, akija jirani wanakimbia.

Hiyo ndiyo furaha yangu na sina wa kumwambia ila mtu aliyeniharibia. Uliandika, "Dume la nini tena? Kazi yake imekwisha." Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, nikaketi. Nataka nikwambie kazi ya dume. Huyu samaki wako alikaa na yale mayai maji yakiwa na mafuta, mke wake hayupo, hajui amekwenda wapi. Hakusema majokofu yamezidi. Kama kazi ya baba inaisha mayai yakishatagwa, niambie mapema, nijue nimeolewa na nini.

Sasa sikiliza, maana hili lina wakati wake. Dume wa hawa samaki akiachwa peke yake hugeuka. Siyo hadithi, jambo hili limo kwenye kile kitabu ulichokinunua ukakiacha na plastiki yake. Jike akitoweka, dume aliyebaki anakua, anakuwa mkali, na mwisho anakuwa jike yeye. Akishageuka harudi. Bado hajageuka, lakini ameanza kunona na ameanza kunifukuza mkono. Mwambie dada yako amrudishe mke wa watu sasa, mwezi huu, wakutane wakiwa bado mke na mume. Mkichelewa, humu ndani patakuwa na majike wawili, na majike wawili hawakai tangi moja. Watapigana mpaka mmoja afe.

Wakati wa kunisaidia ndio huu. Ukipita, umepita.

Mkeo,
Mama Kibonge


17 Juni

Mama Kibonge,

Usikasirike, barua zako zote zimenifikia pamoja, dereva alizisahau chini ya kiti, kisha kazi zikanizidi. Hongera kwa hao tisa! Nimetangaza kambi nzima.

Ila hilo la dume kugeuka jike, mke wangu, umetuua. Hapa sasa wananiita Mama Fundi. Nikiinua chombo kizito wanasema, "Mwacheni, huenda ana mimba." Nitakisoma hicho kitabu nikija, lakini mimi kwa macho yangu sijaona mwanamume akilala mwanamume akaamka vingine.

Nina habari njema lakini. Dada amekubali kumrudisha! Si kwa sababu yako, usianze. Bwana Harusi anaumwa. Anatoa madoadoa ya rangi ya chungwa kwenye kioo, mengi, yamepangana kama shanga, kisha anayazunguka na kuwarukia watu vidole. Dada ameyafuta kwa kitambaa, yamerudi. Amefuta tena, yamerudi tena. Wateja wameanza kuuliza kama ni ugonjwa wa kuambukiza. Kwa hiyo nitakapokuja likizo mwezi wa nane nitampitia saluni nimchukue, nimrudishe kwa mke wake mwenyewe. Wapatane. Ndoa ni kuvumiliana, hata ya samaki.

Unaona? Nilisema nitalimaliza, na nimelimaliza.

Mumeo,
Fundi Barafu


25 Juni

Baba Kibonge,

Hayo madoadoa ni mayai.

Mmekuwa mkifuta mayai kwa kitambaa. Dume hapatwi na ugonjwa wa kutaga. Nimecheka, halafu nikaacha, kwa sababu alikuwa anataga peke yake, hana mume wa kuyapepea, anawarukia watu vidole akiyalinda, na mnamwita mgonjwa.

Nilikuandikia Aprili. Umenijibu Juni. Huyu wa hapa ameshageuka. Ameongezeka mwili karibu nusu yake, kuta zote nne za tangi ni zake.

USIMLETE. Kama lazima umlete, mlete na tangi lake, akae chumba kingine. Kwenye tangi hili asiingie. Sikuombi, nakukataza.

Mama Kibonge


8 Septemba

Wifi,

Mdogo wangu amepita hapa akirudi kazini. Uso umemshuka. Anasema Bwana Harusi amekufa kwako. Anasema maji yako yalikuwa machafu, ndoo zimekuwa nyingi, hulali, ulichanganya kitu. Kisha akasema nisikuulize, umechoka, nikuache.

Nakuuliza.

Nimekasirika, sikufichi. Samaki aliondoka hapa mzima, anakula mkononi mwangu. Tangi liko tupu mbele ya kioo changu, na kila anayeingia anauliza, "Bwana Harusi yuko wapi?" nami nasema amekwenda kwa mkewe. Kama ni uzembe wako, sema ni uzembe, nijue nakuchukia kwa lipi.

Lakini kuna kitu kimoja kinanikera. Mimi kazi yangu ni kushika vichwa vya watu wakiongea. Mtu akidanganya, shingo inakaza. Nilipokuwa namkata mdogo wangu nywele na anasema hayo ya maji machafu, shingo yake ilikuwa kama mti.

Hebu niambie wewe. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mama Saluni


15 Septemba

Wifi,

Nilimwambia mume wangu kwamba sitakuandikia mimi kwanza, lakini ukiniuliza nitasema. Umeuliza.

Alifika amembeba kwenye mfuko wa plastiki, tangi hakuleta. Nikamwambia, "Nilikuandikia." Akasema, "Uliandika ukiwa na hasira." Nikasema, "Nina hasira na nina akili, vyote viwili vinakaa kichwa kimoja." Basi, mgeni keshafika, maji ya mfuko yanapoa, ningefanyaje? Nilichukua kioo cha dirisha lililovunjika, nikakisimamisha katikati ya tangi, nikagawa nyumba mbili. Wako huku, wangu kule.

Hata dakika haikupita wakaanza kukipiga kile kioo kwa vichwa. Huyo baba yake Kibonge akainama na kutabasamu.

"Waone, wanabusiana."

"Wanapigana."

"Wamekumbukana, mama. Wewe unajua mapenzi ya samaki?"

"Mapenzi gani ya kunyanyua mapezi hivyo? Niache na kioo changu. Usikiguse."

"Sawa, sawa, nimekuelewa."

Nikaenda kumwogesha mtoto. Namsikia huko sebuleni anaimba. Nilirudi na Kibonge ndani ya taulo nikakuta kioo kimeegemezwa ukutani kinatiririka maji, na mume wangu ameshika upawa, anapiga maji, anasema, "Acheni, acheni, jamani, acheni." Kama watoto wa jirani wamekamatana.

Wako hakuwa mdhaifu, wifi, usidhani. Alipigana. Lakini alikuwa amezoea maua ya plastiki na vidole vya watoto, na huyu wangu alikuwa kwake. Nilimtoa kwa kikombe. Nikamweka peke yake kwenye ndoo safi, nikamtilia hewa, nikazima taa asiogope. Mapezi yalikuwa yamekwisha. Nilikaa naye mpaka kesho yake, mtoto amelala mapajani mwangu, na alipokata roho nilimfunika kwa mkono nikamwambia pole. Maji yangu hayakuwa machafu. Maji yangu unaweza kuyapima.

Mdogo wako akasema, "Usimwambie dada, ataumia." Nikamwuliza, na mimi? Akasema mimi ni mzoefu.

Siku hiyo nilimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu. Sitayaandika. Mwisho wake nilimwambia kwamba nyumbani kwake anakaribishwa: mezani, kitandani, kwa mwanawe anayemlilia mlangoni. Mikono yake isiingie kwenye maji haya tena. Hili tangi lina mwenyewe sasa, na akiamua jambo la samaki tena akiwa kambini, atakuwa anaamua jambo la nyumba ya watu. Amenuna. Ameondoka amenuna. Kibonge alimkimbilia na kiatu chake kimoja, baba yake akarudi akambeba, akalia kidogo, akaondoka. Nampenda, wifi, ndilo linalonichosha.

Na wewe hasira zangu kwako bado ziko. Ulinidharau ukanicheka mbele ya watu, ukafuta mayai ya mama wa watu kwa kitambaa. Lakini umeuliza, na mwenzio hakuuliza hata mara moja. Kwa hiyo nitakutuma wewe, maana duka la samaki liko mtaa wa saluni yako na huku hakuna, na kazi hii haijafa. Wale tisa wamekuwa wakubwa kama ukucha wa dole gumba. Huyu wa hapa pezi la mkia limechanika lakini linaota upya, anakula, amekisafisha chungu chote kwa mdomo na anakizunguka. Anayetakiwa ni mume tu. Hawa tisa ni wanawe, sitamwoza mwanawe.

Chukua kalamu. Nahitaji chumvi ya tangi, maana hawa ni samaki wa bahari, mfuko mkubwa, siyo ya jikoni hata muuzaji akuambie ni sawa. Mpira mwembamba wa hewa, mita tatu, na mawe ya hewa mawili yanayotoa mapovu madogo. Mayai ya uduvi, kopo ambalo halijafunguliwa, maana hao tisa vidudu hawawashibishi tena. Chupa ya maji ya kijani ya kuanzia, ndoo moja imeniharibikia. Isafiri kivulini, kifuniko kimelegezwa. Hita ndogo ya kupasha maji, ya tangi la pili. Lile tangi lako tupu, na hilo nalitaka, funga pembe zake kwa magodoro ya viti vyako vya zamani vya saluni, mpakizaji wa basi alilaze chini asiweke kitu juu. Na samaki mmoja klauni, mdogo kuliko wote dukani, ambaye bado si dume wala si jike; akikaa na huyu jike mkubwa atakuwa dume. Mwambie muuzaji atupe chakula mbele yako na usiondoke mpaka umwone anakula. Mzuri wa rangi mwache, chukua mwenye njaa. Wakikuambia wana mkubwa wa bei nafuu, kataa. Mkubwa ninaye.

Mama Kibonge